Ukiacha Kimnyet, Protini Itoke Wapi?

Chebunyo iko upande wa chini wa kaunti ya Bomet, katika eneo bunge la Chepalungu, ambako majani ya chai ya Konoin na Kericho yameshaachwa nyuma na ardhi inateremka kuelekea Narok. Huku ng'ombe na mahindi ndiyo mali ya nyumba. Jioni huliwa kimnyet, ule ugali mgumu wa Wakipsigis, pamoja na mboga za managu au sagaa, na mursik, yale maziwa yaliyogandia kwenye kibuyu cha sotet. Mkazi wa hapa akishauriwa apunguze wanga kwa ajili ya sukari au uzito, anachotakiwa kukipunguza ndicho chakula chenyewe. Vingine vyote ni kitoweo.

Ushauri huo siku hizi hutolewa kliniki, kanisani na hata sokoni, na mara nyingi humalizikia kwa maneno mawili: kula nyama. Nyama kiasi gani, hakuna anayesema. Wengine huelewa kwamba protini haina mpaka mradi ugali umeachwa. Wengine, kwa kuhofia figo, huacha ugali na kubaki na mboga na chai, kisha baada ya wiki chache miguu inakosa nguvu. Makundi yote mawili yamekosa kipimo.

Jambo linalosahaulika ni kwamba ugali nao una protini. Gramu 100 za unga wa mahindi zina gramu 8 hivi. Mtu anayefanya kazi ya shamba na kula unga wa gramu 400 kwa siku hupata humo gramu 32, karibu sawa na mayai matano. Ni kweli protini ya mahindi ina kasoro: imepungukiwa na lisini, mojawapo ya asidi amino tisa ambazo mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea. Maharagwe yana lisini ya kutosha, na ndiyo maana githeri, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, imelisha shule za bweni za Kenya miaka mingi bila nyama. Lakini kasoro hiyo haifuti hesabu. Anayeondoa ugali anaondoa wanga na protini kwa mkono mmoja, na ile protini lazima irudishwe kutoka kwingine.

Irudishwe kiasi gani? Hapa wanariadha wa Bonde la Ufa wanasaidia sana, ingawa chakula chao ni kinyume kabisa cha mlo wa wanga mdogo. Mwaka 2004 Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake walichapisha utafiti uliopima kila walichokula wakimbiaji kumi wa kiwango cha juu kwa siku saba. Wanga ulitoa zaidi ya robo tatu ya nishati yao; ugali peke yake ulitoa karibu robo, na sukari, nyingi ikiwa ya chai, karibu sehemu moja ya tano. Protini ilikuwa asilimia 10 tu. Ukiishia kwenye asilimia hiyo utadhani vijana hao wana njaa ya protini. Lakini ukigawanya gramu zao kwa uzito wa mwili, kila mmoja alikuwa akipata gramu 1.3 hivi kwa kila kilo, kiasi kinachomtosha mtu wa mazoezi. Walikuwa wakila chakula kingi, kwa hiyo sehemu ndogo ya kingi ikatosha.

Hesabu hiyo ya asilimia ndiyo inayowapotosha wanaoanza kupunguza wanga. Tuseme mtu ana kilo 70. Akila kilokalori 3,000 kwa siku, asilimia 10 ya protini ni gramu 75. Akipunguza chakula hadi kilokalori 1,500 ili uzito ushuke, asilimia 10 ileile inakuwa gramu 37 au 38, nusu ya alizokuwa akipata. Mwili usipopewa protini ya kutosha hubomoa misuli yake wenyewe. Mizani itaonyesha kilo zimeshuka, na mwenyewe atafurahi, kumbe sehemu ya kilichopotea ni nyama ya mapaja. Kwa hiyo protini ipimwe kwa kilo za mwili, na asilimia zije baadaye.

Kiwango cha chini kinachokubalika kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito. Hicho ni cha kuzuia upungufu tu. Anayepunguza uzito, au anayefanya kazi nzito, anahitaji kati ya gramu 1.2 na 1.6. Wazee waliopita miaka 65 wanashauriwa wasishuke chini ya gramu 1.0 hadi 1.2, kwa sababu misuli ya uzeeni huitikia protini kwa kiwango kidogo. Bibi anayeishi kwa chai na kipande cha mkate yumo hatarini hata kama hajakonda. Mwenye unene mkubwa ahesabu kwa uzito anaoulenga, si ule unaosomeka leo kwenye mizani.

Sasa jikoni. Gramu 100 za nyama si gramu 100 za protini. Kosa hili ni la kawaida mno. Robo kilo ya nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mfupa ina protini gramu 50 hivi, kwa kuwa sehemu kubwa ya nyama ni maji. Yai moja lina gramu 6. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina gramu 8, pamoja na gramu 12 za sukari ya asili ya maziwa. Omena, wale dagaa, zikikaushwa ndizo zinazoshangaza wengi: zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na gramu 30 tu, kiasi cha kiganja, hutoa gramu 16 au zaidi kwa bei isiyofika ya nyama.

Mama wa kilo 70 anayelenga gramu 84 anaweza kuzifikisha bila kuchinja kuku. Mayai matatu asubuhi yaliyokaangwa kwa samli ni gramu 18. Mchana omena gramu 30 na sahani kubwa ya managu iliyoungwa kwa maziwa ya mgando ni 25 hivi. Vikombe viwili vya maziwa katika siku nzima ni 16. Jioni nyama iliyoiva gramu 100, kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole, ni 26. Jumla ni gramu 85, na wanga wote unabaki chini ya gramu 50. Afadhali zigawanywe hivyo katika milo mitatu kuliko kurundikwa usiku, maana misuli hujengwa vizuri zaidi kila mlo unapoleta gramu 25 au 30.

Maharagwe yanahitaji uamuzi. Kikombe yakiwa yameiva kina protini gramu 15 na wanga kama gramu 40. Aliyepangiwa kubaki chini ya gramu 50 za wanga kwa siku hayawezi. Anayepunguza kwa kiasi, akabaki kwenye gramu 100 au 130, ayale bila wasiwasi, maana yana nyuzi zinazochelewesha sukari kupanda, na hakuna protini ya bei nafuu kama hiyo shambani. Maoni ya makala hii ni kwamba njia hii ya pili inafaa familia nyingi za Chebunyo kuliko ile kali.

Upande wa juu nao una mpaka. Mvumbuzi wa nchi za barafu Vilhjalmur Stefansson aliishi na Wainuit akila nyama na samaki, na mwaka 1928 alikubali kufungiwa hospitali ya Bellevue jijini New York ili madaktari wamwangalie akila nyama pekee. Mwanzoni walimpa nyama isiyo na mafuta. Baada ya siku mbili tatu alipata kichefuchefu na kuhara. Alipoongezewa mafuta akapona, na kwa mwaka uliofuata nishati yake nyingi ilitoka kwenye mafuta. Protini ilikuwa takriban sehemu moja ya tano. Ini lina kikomo cha kugeuza naitrojeni ya protini kuwa urea, na protini ikifika asilimia 35 au zaidi ya nishati yote, mwili huanza kulalamika. Jirani wa Chebunyo, Mmaasai wa Transmara, hakuwahi kuhitaji hospitali kujua hili: chakula cha morani kilijengwa juu ya maziwa yenye mafuta yake yote, na nyama iliyonona ndiyo iliyoheshimiwa. Kwa hiyo anayeacha ugali asiondoe mafuta pia. Parachichi, samli, malai na ngozi ya kuku ndivyo vinavyochukua nafasi ya nishati ya ugali. Protini inachukua nafasi ya protini.

Mursik inastahili tahadhari yake. Uchachu hupunguza sukari ya maziwa, na hilo ni zuri, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta humo asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio, ugonjwa ambao hospitali ya Tenwek, humuhumu Bomet, imeutibu kwa wingi kwa miaka mingi. Kikombe kimoja na chakula kisigeuzwe kuwa lita mbili kwa sababu tu ugali haupo.

Figo zenye afya huzimudu gramu 1.6 kwa kilo. Zilizoumia ni habari nyingine, na kisukari na shinikizo la damu huziumiza kimyakimya. Mwenye ugonjwa wa figo ambaye hajaanza kusafishwa damu kwa kawaida hushauriwa abaki kwenye gramu 0.8 au chini yake. Kabla ya kuongeza nyama, mwenye kisukari apimwe kreatinini ya damu na albumini ya mkojo. Na anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi asipunguze wanga hata siku moja kabla daktari hajampunguzia dawa, kwa sababu dozi iliyopimwa kwa kimnyet ya jana inaweza kushusha sukari ya leo hadi azimie. Watoto wa nyumba hiyo waendelee kula ugali wao, na maziwa, na maharagwe.