Kalsiamu Si ya Mifupa Tu

Ndugu msomaji, ukitajiwa kalsiamu wawaza maziwa na mifupa, sivyo? Hebu shuka nami kifuani.

Njia za hewa zimetandazwa seli, na baadhi yake hutengeneza ute wa kunasa vumbi na viini. Ute huo hushindiliwa, ukiwa mkavu, katika vifuko vidogo vidogo ndani ya seli. Seli iliyotulia ina kalsiamu kidogo mno katika maji yake. Nje ni nyingi mara 10,000 hivi. Moshi au vumbi likichokoza, ghala la ndani hufunguka, kalsiamu humwagika, na protini iitwayo sinaptotagimini huihisi. Papo hapo kifuko huungana na utando wa seli, ute hutoka nje, hunywa maji na kufura mara mia kadhaa kwa sekunde chache tu. Ajabu!

Dadangu ana pumu, ndiyo maana jambo hili lanikera. Seli za mgonjwa wa pumu hulimbikiza ute kupita kiasi. Vifuko vikifunguka kwa pamoja, vijia vyembamba huziba. Ile dawa ya kuvuta hulegeza misuli, lakini ute uliokwisha kuziba hauondoi. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kipande cha protini, kazi ya maabara, kilichoizuia sinaptotagimini kufyatua ute. Walifaulu kwa panya.