Kasoro Zilizotawanyika na Kasoro Zilizoshikana

Kila mtu wa Lubumbashi ajua kobalti ya machimbo ya Katanga. Ikiisha kusafishwa, hushikwa na sumaku. Lakini ukiipasha moto hata kupita digri 1,120 hivi, yaacha kuwa chuma cha sumaku. Kwa nini? Kila chembe yake ni kama sindano ndogo inayofuata jirani zake. Joto likizidi, hazifuatani tena. Hayo ndiyo mageuzi ya hali.

Na ikiwa shaba imechanganyika ndani? Twauliza upesi: ni kiasi gani? Swali hilo halitoshi. Fikirini kwaya ya watu 100, na 10 hawajui wimbo. Wakisimama mbalimbali, jirani huwasaidia. Wakisimama mstari mmoja, wimbo wakatika hapo. Hesabu ni ileile. Mpango si uleule.

Wataalamu wamepima jambo hili kwa mfano wa Ising, ndio sindano zilizopangwa kwa mistari. Penye mageuzi ya mfano ulio safi, Onsager alionyesha mwaka 1944 kwamba joto linalohitajiwa kuongeza digri moja lapanda pasipo mpaka. Mwaka 1968 McCoy na Wu walibadili nguvu za ujirani toka mstari hata mstari, zikilingana ndani ya kila mstari: kilele kile kikatoweka. Mwaka 1983 Weinrib na Halperin walihesabu kwamba, hata pasipo mistari, kasoro zinazofanana mpaka mbali zaweza kugeuza tabia ya mageuzi.

Basi, walimu, mwanafunzi akiwauliza juu ya uchafu wa madini, msihesabu tu. Ulizeni pia umekaa namna gani.