Huduma ya Benki ya Kiislamu: Mteja Apime Nini?

Mteja wa benki inayofuata misingi ya Sharia ana haki ya kupima huduma kwa mizani miwili. Wa kwanza ni ule wa benki yoyote: foleni, lugha ya mhudumu, usahihi wa taarifa za akaunti, wepesi wa kujibiwa. Wa pili ni iwapo shughuli imetendeka kweli kama jina lake linavyodai. Mwaka 2001 watafiti Abdulqawi Othman na Lynn Owen, walipochunguza huduma za Kuwait Finance House, waliongeza kipimo cha kufuata Sharia juu ya vile vitano vilivyozoeleka. Hapa Tanzania, ambako Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011 na benki kadhaa za kawaida zimefungua madirisha ya Kiislamu, kipimo hicho mara nyingi husahauliwa na mteja mwenyewe, ambaye hutosheka kuambiwa kuwa "hakuna riba".

Tuchukue murabaha, mkataba unaotumika sana. Tuseme mteja anahitaji bajaji inayouzwa dukani shilingi 9,000,000. Benki huinunua, ikaimiliki, kisha ikamuuzia mteja kwa shilingi 10,800,000, zitakazolipwa kwa miezi 24, shilingi 450,000 kila mwezi. Mteja huelezwa bei ya ununuzi na faida ya benki, na bei hiyo ikishakubaliwa haipandi, hata marejesho yakichelewa.

Uzito wa jambo hili umo katika mpangilio wa hatua. Kabla ya kuuziwa, mteja hutoa ahadi ya kununua tu. Mkataba wa mauzo hufuata baada ya benki kuimiliki bajaji. Katika kipindi hicho cha katikati, bajaji ikiungua au kuibwa, hasara ni ya benki. Mteja aliyesainishwa karatasi zote kwa siku moja, tena nyingine zikiwa hazijajazwa, hawezi kujua hasara hiyo ingemwangukia nani. Mhudumu anayesema "saini tu, ni utaratibu" ametoa huduma mbovu, hata kama ametabasamu na kuleta kahawa. Vivyo hivyo, ukikabidhiwa fedha taslimu mkononi ukaambiwa ni murabaha, uliza ni bidhaa gani iliyouzwa, na nani alikuwa mmiliki wake. Wakati mwingine benki humteua mteja kuwa wakala wake wa kununua. Jambo hilo hukubaliwa, ila uwakala uandikwe na stakabadhi ya duka ionyeshe kuwa bidhaa imenunuliwa kwa ajili ya benki.

Yapo maswali mawili ambayo wengi huona haya kuyauliza. Je, nikichelewa kulipa, fedha ninayotozwa huenda wapi? Kwa desturi hupelekwa kwenye sadaka, isihesabiwe kuwa mapato ya benki. Na je, nikimaliza deni mapema, nitapunguziwa? Msidhani punguzo huja lenyewe. Ombeni maelezo ya maandishi kabla ya kusaini.

Kwenye akiba ya mudharaba, benki haiahidi faida maalumu, bali uwiano wa kugawana faida itakayopatikana. Hasara ya kibiashara humwangukia mwenye mtaji, isipokuwa imetokana na uzembe au ukiukaji wa masharti wa benki. Afisa anayekuhakikishia asilimia fulani kila mwaka ama hajui bidhaa anayoiuza, ama hasemi kweli.

Ukiona kasoro, anza kwa kuandika malalamiko kwa tawi, ukabaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kama shaka inahusu uhalali wa mkataba, omba barua hiyo ifikishwe kwa wanazuoni wanaoishauri benki, ukaomba na jibu lao kwa maandishi. Usiporidhika, wasilisha shauri Benki Kuu ya Tanzania, ukiambatanisha mkataba, ahadi ya kununua na stakabadhi. Hakikisha tarehe za hati hizo zinasomeka.