Waalimu wa Taita Wanaorudi Darasani

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, wako waalimu wa Voi, Mwatate na Wundanyi ambao hawaendi mashambani kupumzika, bali huchukua mifuko ya vitabu na kuwa wanafunzi tena. Mtu aweza kuuliza: mwalimu mwenye kazi na mshahara atafuta nini?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Mwalimu wa daraja la P3 alijua kwamba akifaulu atapanda kuwa P2, kisha P1, na mshahara utapanda pamoja naye. Wengi walisoma usiku kwa taa ya mafuta, baada ya kusahihisha madaftari, wakipokea masomo kwa posta. Cheti kilikuwa ngazi, na kila mtu aliiona.

Mambo yamebadilika. Tangu miongozo ya vyeo iliyotolewa mwaka 2017 na Tume ya Kuwaajiri Waalimu, shahada peke yake haimpandishi mwalimu cheo. Tena, Septemba 2021, Tume ilitangaza mafunzo ya lazima kwa kila mwalimu, kwa ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka itokayo mfukoni mwake. Vyama vya waalimu vilipinga, na kwa haki, maana fedha hizo ni karibu magunia mawili ya mahindi kwa bei ya mwaka ule.

Basi kwa nini wako wanaosoma kwa hiari yao? Sababu moja ni hofu, wala si aibu kuitaja. Mtaala wa umilisi ulioanza madarasa ya chini mwaka 2019 wataka mtoto ajifunze kwa kutenda, na tangu mwaka 2021 vyuo hufundisha stashahada badala ya cheti cha P1. Mwenye P1 ya zamani hapendi kuulizwa na kijana aliyetoka chuoni juzi jambo asilolijua.

Lakini sababu iliyo kubwa zaidi huonekana katika shule za nyika, kama zile za Kasigau kandokando ya Tsavo. Huko mwalimu aweza kufundisha somo lake miaka mingi bila mwenzake wa kushauriana naye. Akifika mafunzoni hupata mtu wa kumwuliza jinsi ya kueleza sehemu katika hesabu kwa watoto ambao nusu yao wamechelewa kwa sababu ndovu walikuwa njiani. Swali kama hilo halimwongezei mtu mshahara. Hata hivyo, hilo ndilo waalimu hubaki wakilijadili baada ya somo kwisha, wakisubiri matatu ya kuwarudisha Voi.