Walimsaka mzimu, mtoto akasahaulika

Mwanao akikuuliza ghafla kama mizimu ipo kweli, huenda ametoka kutazama kwenye simu kipande cha filamu ya The Conjuring 2 ya mwaka 2016. Ndani yake kuna msichana wa Kiingereza anayezungumza kwa sauti ya mzee. Filamu imetia chumvi nyingi, lakini msichana huyo alikuwepo. Aliitwa Janet, alikuwa na miaka 11, na kwao kulikuwa Enfield, kaskazini mwa London.

Mama yake, Peggy Hodgson, alikuwa ameachana na mumewe na akilea watoto wanne peke yake katika nyumba ya kupanga ya halmashauri. Usiku mmoja mwishoni mwa Agosti 1977 zilisikika purukushani chumbani kwa watoto. Peggy akapanda juu kuwakaripia, kama mzazi yeyote. Kwa maelezo yake, kabati la droo lilisogea lenyewe sakafuni. Akalisukuma kulirudisha, likasogea tena, kisha likagoma kabisa kurudi. Aliwakusanya watoto wakakimbilia kwa majirani.

Polisi waliitwa. Askari mmoja wa kike alitia saini maelezo kwamba aliona kiti kikisogea bila kuguswa. Lakini hapakuwa na mhalifu wa kukamata, wakaondoka. Likafuata gazeti la Daily Mirror, ambalo mpiga picha wake alipigwa usoni na kipande cha Lego kilichoruka gizani.

Hapo ndipo wapenzi wa mambo ya mizimu walipoingia. Society for Psychical Research, chama kilichoanzishwa London mwaka 1882 kuchunguza mambo kama hayo, kilimtuma mwanachama wake Maurice Grosse, na baadaye akaungana na mwandishi Guy Lyon Playfair. Kwa zaidi ya mwaka walikuwa wakiingia na kutoka na vinasa sauti vyao, wakirekodi vishindo ukutani, viti kupinduka na vitu kuruka.

Jambo moja kuhusu Grosse husimuliwa kwa kupita tu, na pengine ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1976, mwaka mmoja kabla ya Enfield, binti yake alifariki katika ajali ya pikipiki. Binti huyo naye aliitwa Janet. Si vigumu kuelewa baba aliyefiwa alikuwa akitafuta nini usiku kucha ndani ya nyumba ya watu. Lakini anayetamani sana jibu la aina moja si mwepesi wa kuuliza maswali magumu.

Na maswali yalikuwepo. Desemba 1977 Janet alianza kutoa sauti nzito ya mkwaruzo, ikidai ni ya mzee aliyefia katika nyumba ile. Mara nyingi ilisikika pale tu watu wazima walipotoka chumbani au kugeuka nyuma. Kamera iliyowekwa chumba cha pili ilimnasa Janet akikunja vijiko kwa mikono yake. Mwaka 1980 alikiri kwenye televisheni kwamba mara moja mbili waliigiza, kuona kama wachunguzi wangewagundua. Nao waligunduliwa. Mengine yote, alisema, yalikuwa ya kweli, na Grosse aliamini hivyo hadi alipofariki mwaka 2006.

Tuseme hakukuwa na mzimu wowote. Bado kuna mtoto wa miaka 11 ambaye wazazi wake wametengana, na ambaye kila usiku watu wazima wanakaa mlangoni kwake na vinasa sauti. Akinyamaza, hakuna habari. Kitu kikiruka, wote wanakimbilia kwake. Mtoto hahitaji kufundishwa mara mbili ni kipi kinachowaleta watu chumbani. Shuleni alitaniwa kuwa ni msichana wa mzimu. Alipelekwa katika hospitali ya Maudsley jijini London, akapimwa, akaonekana hana tatizo. Mjadala wa Waingereza ukaendelea kuwa ule ule: ni kweli au si kweli?

Miaka 15 baadaye kisa hicho kiliwaangukia watoto wengine, sasa sebuleni kwao. Usiku wa Oktoba 31, 1992, BBC ilionyesha Ghostwatch, hadithi iliyotokana na Enfield. Ilikuwa mchezo wa kuigiza uliorekodiwa mapema, lakini uliongozwa na Michael Parkinson, mtangazaji ambaye familia zilimwamini, na ukaonekana kama matangazo ya moja kwa moja. Simu za malalamiko zilimiminika. Mwaka 1994 jarida la madaktari, British Medical Journal, lilieleza kuhusu wavulana wawili wa miaka 10 waliobaki na hofu kali baada ya kuutazama.

Angalau mwaka 1992 mzazi alikuwa kwenye kochi lile lile. Leo mtoto hutazama akiwa peke yake chini ya shuka, na video inayofuata hujileta yenyewe. Kumnyang'anya simu bila neno hakuondoi alichokwisha kukiona. Zinafaa zaidi picha mashuhuri za Janet akiwa hewani juu ya kitanda. Mtazame naye, kisha umuulize: picha hii ingekuwaje kama ameruka tu kutoka kitandani? Nini kilitokea nusu sekunde kabla? Mtoto wa miaka minane anaweza kazi hiyo, na wengi huifurahia. Akishacheka, muulize lile jingine: wewe usingizi unaupata?

Vishindo vya Enfield vilififia kufikia mwaka 1979, na wachunguzi wakaenda zao. Peggy hakuhama. Aliishi katika nyumba ile ile hadi alipofariki mwaka 2003.