Mume, Baruti na Joto la Gereji

Mwenzi wako anajaza risasi zake mwenyewe? Kuna mambo mnapaswa kukubaliana kabla kiangazi hakijapamba moto

Je, unajua mwenzi wako ameweka nini nyuma ya zile ndoo za rangi kule gerejini? Mie nilidhani najua.

Tunaishi Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani. Mume wangu alipofika huku alinaswa na uwindaji kama wenzake wa kazini. Ilianza na bunduki moja na kibali cha kuwinda kulungu. Haukupita muda akaja na mashine ndogo ya mkono, akaifunga kwenye meza ya gereji, akanitangazia kwamba kuanzia siku hiyo risasi hanunui, anajaza mwenyewe.

Kama hujawahi kuona kazi hiyo, iko hivi. Ganda la risasi iliyokwisha kupigwa halitupwi. Linasafishwa, linatiwa fataki mpya kitakoni, baruti inapimwa kwa mizani na kumiminwa ndani, kisha kichwa kipya kinakandamizwa juu yake. Huku ni burudani halali na wengi wanayo. Sikuwa na neno. Heri mume aliye gerejini kuliko aliye baa!

Mpaka alasiri moja ya Julai, mpira wa mwanangu ulipobingirika chini ya rafu. Niliinama kuutoa nikakuta makopo 11 ya baruti yamejipanga ukutani, hatua mbili tu kutoka kwenye hita ya maji ya gesi, ambayo chini yake huwaka kimoto usiku na mchana. Kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi 48.

Usiku huo hatukulala mapema.

Tulivyokosea wote wawili

Mie nilitaka baruti ihame, au basi tununue sanduku la chuma, lile zito la kuhifadhia fedha, tuifungie humo na ufunguo nikae nao. Mume wangu akacheka. "Mama watoto, baruti ni kama unga. Ikikaa pakavu haina neno."

Kesho yake tuliketi pamoja kusoma maelekezo ya watengenezaji na ya chama cha kuzuia moto cha Marekani, NFPA. Kumbe yeye alikosea na mie nilikosea!

Tuanze na yeye. Baruti ya kisasa isiyo na moshi hutengenezwa kwa nitroselulosi, na kitu hicho huoza polepole tangu siku kinapotoka kiwandani. Kikioza hutoa gesi zenye asidi, na gesi hizo huharakisha kuoza kwenyewe. Ndiyo maana kiwandani hutiwa dawa ya kutuliza, inayozinyonya gesi kabla hazijaleta madhara. Lakini dawa hiyo ina mwisho wake, na joto huimaliza upesi. Kopo linaloweza kukaa miaka mingi mahali penye ubaridi hupoteza umri wake haraka likiachwa kwenye gereji ya moto kiangazi baada ya kiangazi.

Na Phoenix si mahali pa mchezo. Mwaka 2023 joto lilifika nyuzi 43 au zaidi kwa siku 31 mfululizo. Hapo ni nje kivulini, sembuse ndani ya gereji iliyofungwa!

Tuelewane, joto la gereji halitawasha kopo zima leo hii. Baruti nzima huhitaji zaidi ya nyuzi 150 ili ishike moto yenyewe. Hatari inakuja kwa iliyooza, kwa sababu hiyo hujipasha joto kwa ndani. Ufaransa waliujua ukweli huu kwa machozi. Ndiko Paul Vieille alikobuni baruti isiyo na moshi mwaka 1884, na ni bandarini Toulon ambako manowari mbili za nchi hiyo, Iéna mwaka 1907 na Liberté mwaka 1911, zililipuka zikaua mamia ya watu. Baruti iliyoharibika ghalani ndiyo iliyobebeshwa lawama.

Sasa zamu yangu. Baruti hii ikiwa wazi huwaka kwa kasi, haina mlipuko. Ukiifungia ndani ya chuma kizito kisichopitisha gesi, halafu nyumba ikashika moto, gesi hukosa pa kutokea. Hapo umejitengenezea bomu kwa fedha zako mwenyewe. Jamani, na mie nilikuwa tayari nimeshachagua rangi ya sanduku!

Baruti ikaingia ndani

Jibu lilinishangaza. Mahali bora hapakuwa mbali na nyumba bali ndani ya nyumba, penye kiyoyozi. Tulichagua kabati la ukumbini, lisilopigwa na jua wala kupakana na jiko. Humo mume wangu alitengeneza kabati dogo la mbao nene, lenye mlango mwepesi unaoweza kusukumwa na gesi ukafunguka, na kikufuli cha kuwazuia watoto.

Haya ndiyo tuliyokubaliana, nawe waweza kuyabandika ukutani:

• Baruti ibaki kwenye kopo lake la asili lenye lebo. Isihamishiwe kwenye chupa ya jemu wala chupa ya soda. Mtoto anaweza kudhani ni chakula, na baba mwenyewe anaweza kuchanganya aina mbili akapasua bunduki usoni.

• Mezani kopo moja tu kwa wakati mmoja. Kazi ikiisha, kinachobaki kinarudi koponi na kifuniko kinakazwa.

• Fataki zikae mbali na baruti, ndani ya pakiti zake.

• Petroli, tina na vitu vingine vinavyoshika moto haraka visikae kabati moja nayo. Sigara, mishumaa na hita havisogei karibu.

• Ukinunua kopo, nenda nalo nyumbani moja kwa moja. Gari lililoegeshwa juani ni tanuri.

• Andika tarehe ya kununua juu ya kopo. La zamani litangulie kutumika.

• Msilimbikize. Mwongozo wa NFPA unaruhusu nyumbani hadi ratili 20, yaani kilo 9 hivi, kwenye makopo ya asili. Kuanzia hapo hadi ratili 50, lazima kabati la mbao lenye unene wa takriban inchi moja. Miji mingine ina sheria zake, kwa hiyo ulizeni kwanza. Na baruti nyeusi ya kizamani ina masharti yake, maana hiyo hulipuka kwa urahisi zaidi.

Mwamini pua yako

Baruti nzima hunukia kidogo kama etha au spiriti. Iliyooza hutoa harufu kali ya asidi inayochoma pua. Ukifungua kopo ukaona vumbi la rangi ya kutu, au mvuke mwekundu wa kahawia, hapo hakuna mjadala.

Katika makopo yetu 11, moja lilikuwa hivyo. Mume wangu alinyamaza kimya. Aliliweka nje kivulini, kifuniko kikiwa wazi, mbali na nyumba, akawapigia simu zimamoto awaulize, nao wakaja kulichukua. Usilitupe kwenye pipa la taka wala chooni, na usilifungie tena.

Mnazungumzaje bila kugombana?

Usimvamie akiwa ametoka kazini na njaa yake. Usiseme "mambo yako ya kijinga," kwa sababu ukidharau anachokipenda atakificha, na kinachofichwa ndicho kinachoua. Mwambie akuonyeshe. Muulize kila kopo lina nini na limekaa tangu lini. Mwanaume anayependa kazi ya mikono hufurahi kuulizwa.

Kisha kubalianeni siku ya moto. Sisi tumewaambia watoto wazi kwamba wakiona moto karibu na kabati lile hakuna shujaa, wote tunatoka nje. Na atakayepiga simu aseme kabla ya yote kwamba ndani kuna baruti na iko chumba gani, ili zimamoto nao warudi kwa wake na waume zao.

Siku hizi kila mwezi wa tano, kabla joto halijaanza kututesa, tunafungua kabati pamoja. Yeye anasoma tarehe, mie nanusa. Anasema nina pua ya mbwa wa polisi. Nimelipokea kama sifa.