Mashine Ikimeza Shilingi, Nani Atairejesha?

Juma lililopita, hapa Turbo, kando ya barabara kuu iendayo Malaba, nilimkuta mtoto wa shule akiigonga kwa kiganja mashine ya kuuza maji ya kunywa. Alikuwa ametumbukiza sarafu ya shilingi 20. Maji hayakutoka, na sarafu haikurudi.

"Mzee, imekula pesa ya mama," akaniambia.

Mwenye duka alipoulizwa alijibu kwamba mashine si yake. Yeye hupokea kodi ya nafasi tu. Fundi hutoka Eldoret, nako kuja kwake hakujulikani siku wala saa.

Wapo watakaouliza, shilingi 20 ni kitu gani hata ziandikiwe gazetini? Kwa mwenye gari huenda si kitu. Kwa mtoto aliyetumwa, ni kurejea nyumbani na mtungi mtupu, kisha kutoa maelezo ambayo huenda mama yake asiyaamini. Haba na haba hujaza kibaba, na mwenye mashine anaifahamu methali hiyo kuliko sisi sote.

Msomaji mpendwa, mashine hizi hazina uchawi wowote. Sarafu ikitumbukizwa huteremka katika mfereji mwembamba na kupita karibu na nyaya zilizosokotwa zenye nguvu ya sumaku. Kila aina ya metali huivuruga nguvu hiyo kwa namna yake. Mashine hulinganisha mvurugo huo, pamoja na ukubwa wa sarafu, na vipimo ilivyofunzwa. Vikilingana, huikubali, visipolingana, huitema. Picha iliyochorwa juu yake haina habari nayo.

Ndiyo maana Desemba 11, 2018, zilipozinduliwa sarafu mpya zenye twiga, kifaru, simba na ndovu mahali pa sura za marais, kama ilivyoagiza Katiba ya 2010, kazi ya mwenye mashine haikuwa kuzitazama na kuzisifu. Ilimpasa aijaribu mashine yake kwa sarafu hizo, na pia kwa zile kuukuu ambazo hazikufutwa, ahakikishe inazitambua zote.

Maradhi mengine ni ya kawaida mno. Vumbi la kiangazi huganda kwenye mfereji, na sarafu iliyopindika hukwama humo. Dawa yake ni kitambaa laini kilicholoweshwa spiriti kidogo. Anayepaka mafuta ili sarafu iteleze huongeza ugonjwa, kwani mafuta hunasa vumbi. Sanduku la fedha lisipomwagwa kwa wakati, sarafu hurundikana hadi mlangoni. Umeme nao ukikatika baada ya sarafu kupokelewa, mashine yaweza kusahau kabisa kwamba imelipwa. Na ile ya kurudisha chenji, ikiishiwa, haina budi kuufunga mlango wake. Ikiendelea kupokea, haina tofauti na muuza duka anayekupa peremende badala ya shilingi zako.

Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Linahitajika jicho la kila siku na mtu wa karibu mwenye ufunguo. Tunaokumbuka vibanda vya simu za sarafu tunajua jinsi chombo kilichokosa mtu huyo kilivyogeuka kuwa pambo la kando ya barabara.

Nitaambiwa kwamba dawa ni kulipa kwa simu, kwa kuwa M-Pesa ipo tangu mwaka wa 2007. Ni kweli, imetupunguzia mahangaiko ya chenji. Lakini mtoto anayetumwa maji hana simu, na ajuza anayeuza sukumawiki sokoni hulipwa kwa sarafu.

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, na ya kufidiwa akipata hasara. Haikusema kwamba haki hiyo huanzia shilingi elfu moja. Basi kila mashine iandikwe jina la mwenyewe na nambari ya simu inayopokelewa. Mwenye duka anayeikaribisha kibarazani pake aachiwe kiasi kidogo cha kuwarudishia waliopunjwa, na daftari la kuandika. Isafishwe kila juma na sanduku limwagwe. Eldoret si mbali, na vijana waliosomea umeme huko wanatafuta kazi. Mmoja wao akipewa mashine kadhaa za kutunza kati ya hapa na mjini, atapata riziki nasi tutapata maji.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mashine inayomeza shilingi leo itakimbiwa na wateja kesho, na mwenyewe atalalamika kwamba watu wa Turbo hawapendi maendeleo.

Yule mtoto nilimpa sarafu nyingine, akanunua maji dukani. Sikumlipia mwenye mashine deni lake. Deni hilo lingali lipo.